Karatasi ya Siku Arobaini

Jumatatu, tarehe 9 Agosti 1965, saa tatu kasorobo asubuhi, Bi Mize binti Borafya alirudi kutoka Kidichi, alikokwenda tangu Ijumaa kumuuguza binti yake aliyejifungua, akakuta mlango wa nyumba yake umetiwa kufuli asilolijua. Vitanda vyake viwili, kabati na masufuria vilikuwa barazani, vinapigwa jua. Msahafu wa marehemu mumewe ulikuwa umewekwa juu ya kinu. Katikati ya mlango, juu ya nakshi, palipigwa karatasi kwa misumari minne. Bi Mize hakujua kusoma. Jirani ndiye aliyemsomea: nyumba imeuzwa kwa deni la kodi.

Koplo Usi Mjaka alifika saa nne. Alikuwa mtu wa makamo, aliyejifunza kusoma ukubwani katika darasa la usiku, na tangu hapo hakuna karatasi iliyopita mkononi mwake asiisome mbele na nyuma.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Nitazame. Umri huu natolewa nje kama jamvi bovu."

"Kodi ulikuwa ukidaiwa?"

"Kama nadaiwa sikatai. Marehemu ndiye aliyekuwa akilipa, naye huu mwaka wa pili yuko kaburini. Mie sikuletewa hata kijikaratasi. Ningeambiwa, bangili hizi ningeziuza siku hiyo hiyo."

Usi aling'oa misumari, akaigeuza karatasi. Nyuma ilikuwa imelowa madoa ya manjano, na maua ya mlango yamejichora humo moja moja. Akaikunja, akaitia ndani ya daftari lake. Viganja vyake vilikuwa vinang'aa na kunuka simsim.

"Mlango una mafuta huu."

"Thuwaini, mtoto wa nduguye marehemu, huupaka kila Alkhamisi baada ya alasiri. Marehemu aliuusia mlango kuliko alivyotuusia sisi."

Usi akajifuta kwa leso, akaenda kumtafuta mnunuzi.

Sleiman Abdulla alikuwa dukani kwake Darajani, anapima kunde. Hakukana kitu.

"Miye nnanunua nyumba za kodi. Mwaka huu hii ya tatu. Mwenye nyumba halipi, ofisi inanadi, nami natoa pesa. Kosa langu liko wapi, Bwana Koplo?"

"Mnadani Jumamosi mlikuwa wangapi?"

"Mimi na karani."

"Mnada wa mtu mmoja?"

"Ulitaka nikaite watu waje wanipandishie bei?"

Usi alitoka pale anatamani kumtia pingu kwa ulimi wake tu. Lakini kununua si kosa. Sheria ilimtaka karani kitu kimoja kabla ya mnada: apige ilani kwenye mlango wa mdaiwa, ikae siku arobaini, ili mwenye nyumba apate nafasi ya kulipa. Kama ilani ilikaa, Bi Mize hana nyumba. Kama haikukaa, ameibiwa.

Jumanne, saa mbili asubuhi, alikuwa mbele ya meza ya karani Masoud, aliyeihudumia ofisi ya kodi kwa miaka tisa. Masoud alifungua jalada bila kuulizwa mara mbili, akatoa ilani. Ilikuwa na matundu manne ya misumari, moja kila pembe. Usi akaisoma mbele, akaigeuza nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

"Nani aliyeipiga?"

"Mimi, kwa mkono wangu. Tarishi wetu anaumwa. Jumatatu, tarehe 28 Juni, saa kumi jioni."

"Ukutani?"

"Koplo, nawe. Sheria inasema mlangoni. Niliipiga mlangoni, katikati, juu ya maua. Haikuguswa mpaka Jumamosi iliyopita, nilipoing'oa mwenyewe nikapiga ile ya kuuzwa."

"Bi Mize anasema hakuiona."

"Ataionaje mtu asiyejua alifu wala be? Kaiona, hakujua ni nini." Masoud akainama, akapunguza sauti. "Muulize yule Thuwaini. Siku nyingi anataka nyumba iuzwe apate fungu lake la urithi. Huenda alimwambia ni tangazo la dawa ya mbu."

Usi alihisi masikio yanamwaka moto. Miaka sita tu nyuma, yeye mwenyewe angeweza kuambiwa ilani ni tangazo la dawa ya mbu, akaamini. Alimwomba karani aandike maelezo yake yote na kutia saini, naye Masoud akaandika kwa mwandiko mzuri sana.

Thuwaini alipatikana saa saba kwenye karakana ya seremala, amejaa vumbi la mbao.

"Ni kweli, nilitaka iuzwe," alisema. "Tuligombana na bi mkubwa mpaka mtaa mzima ukajua. Lakini mzee aliniachia kazi ya mlango, na Alkhamisi haijanipita. Nenda kaulize. Naanza juu, namaliza kizingitini. Hiyo karatasi ya siku arobaini ningeipaka mafuta pamoja na mlango?"

"Pengine uliizunguka."

"Pengine. Niandike hivyo, kama ndivyo unavyotaka."

Usi alifungua daftari aandike. Kalamu ikateleza. Akabonyeza, wino ulikusanyika vitone vitone, haukushika. Mafuta ya ile karatasi ya Jumatatu yalikuwa yamepenya kurasa tatu. Usi aliutazama ukurasa ule kwa muda, kisha akalifunga daftari taratibu.

"Kesho saa nne uje kituoni," alisema. "Njoo na kopo lako la mafuta."

Jumatano, saa nne asubuhi, wote wanne walikuwa kituoni. Bi Mize alikaa kwenye benchi ndani ya buibui lake. Thuwaini alisimama nyuma yake na kopo mkononi. Sleiman alikuwa akitazama saa. Masoud alikuja na jalada.

"Haya ni maelezo yako?" Usi aliuliza.

"Ni yangu, na saini ni yangu."

"Ilani ilikaa juu ya mlango wenyewe, siku arobaini?"

"Nimeshaandika."

Usi aliweka karatasi mbili mezani, migongo juu. "Hii ni ya kuuzwa. Ilikaa siku mbili, kutoka Jumamosi mpaka Jumatatu. Itazame. Maua yote yamo, na mafuta yameniharibia daftari. Na hii ni ilani yako. Imekaa mlango ule ule, mahali pale pale, siku arobaini, Alkhamisi sita zimepita juu yake. Mbona kavu?"

Masoud alizitazama karatasi zile kama anaona karatasi kwa mara ya kwanza. Kwake Mpendae mlango ulikuwa wa mbao nyepesi uliopakwa rangi. Wala hakupata kujua kwamba mlango wa nakshi hulishwa kama ng'ombe.

"Pengine mafuta yamekauka," alisema.

Thuwaini alitia kidole ndani ya kopo, akakibandika kwenye pembe ya jalada. Doa likaanza kutanuka. Akasema, "Tungoje likauke basi. Mimi sina haraka."

Sleiman ndiye aliyeshindwa kungoja.

"Koplo, mimi niandike mbali na huyu. Tulipatana anitafutie nyumba za kodi, nikiziuza apate theluthi. Nilimwambia anitafutie nyumba. Sikumwambia anitafutie mjane."

"Na zile mbili za mwanzo?"

Sleiman akaacha kutazama saa.

"Wenyewe ni nani?"

"Mmoja kizee kipofu. Mwengine yatima."

"Ilani karani alizifungia kwenye mtoto wa meza," alisema Usi, "akazitoboa kwa msumari ofisini, akangoja tarehe ipite. Alichagua wasioweza kusoma, maana hao hawaji kuuliza."

Masoud sasa alisimama. "Miaka tisa naandika nyumba za wenzangu! Huyu kapata, yule kapewa, mimi napewa kalamu. Nyumba moja ni nini?"

"Kaa," alisema Usi. "Ulifundishwa kusoma bure, mchana, ukiwa mtoto na tumbo limeshiba. Ukautumia usomi wako kumtoa bibi huyu nje na msahafu wa mumewe. Usiniambie ulipewa kalamu tu."

Bi Mize hakumtazama karani hata mara moja.

Mnada ukabatilishwa, majalada ya zile nyumba mbili nyingine yakafunguliwa, na ilani zao zilikuwa kavu vile vile, ijapokuwa milango ya huko nayo hupakwa mafuta. Wiki iliyofuata Bi Mize aliuza bangili moja, akalipa kodi yote, akamfanya Usi amsomee stakabadhi mara mbili.

Alkhamisi Thuwaini alikuja na nta aliyoichanganya na unga wa mbao, azibe matundu manne ya misumari.

"Yaache," alisema Bi Mize. Akamgeukia Usi, aliyekuwa anakunywa kahawa barazani. "Hiyo skuli yako ya usiku, wanawake wanapokelewa?"

"Wanapokelewa, Bi Mize."

"Basi niandikishe. Atakayepiga karatasi tena hapa, nataka nimsome mwenyewe."