Wivu wa Maabara Ulivyoninyima Udaktari

Nina miaka ishirini na moja, mzaliwa wa Masanze, wilayani Kilosa. Kwa sasa namsaidia shangazi yangu kuuza vitunguu na mchele kando ya barabara kuu hapa Mikumi. Wenzangu niliosoma nao PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, wako vyuoni... mimi napanga vitunguu mafungu mafungu! Ndugu msomaji, kama una rafiki unayempenda kupita kiasi, hebu nisikilize.

Kidato cha tano nilikutana na Editha, msichana wa hapa hapa Mikumi. Tulilala bweni moja, na maabara tukakaa meza moja. Vyura walikuwa wachache, hivyo mwalimu wa Baiolojia alitugawa wawili wawili, mmoja apasue, mwingine achore. Editha alikuwa na mkono mwepesi, akashika kisu. Mimi nikashika penseli, na nikichora ini la chura ungelitamani! Mwalimu alizoea kusema sisi ni mtu mmoja mwenye mikono minne. Tukaahidiana kwenda kusomea udaktari pamoja.

Kisha akaja Salome...

Alihamia kutoka Morogoro mjini tulipoingia kidato cha sita. Mrefu, mcheshi, na ana vifaa vyake mwenyewe vya kupasulia, vinang'aa, ndani ya pochi ya ngozi. Sisi tuligombea visu butu vya shule.

Muhula huohuo Editha aliniambia tuwe tunafanya mazoezi Jumamosi, kila mtu ampasue chura wake, maana mtihani wa taifa hauna wawili wawili. Nilicheka. Kusema kweli nilikuwa naogopa kisu, na niliona raha kuhitajiwa. Nikamwambia nina nguo za kufua. Jumamosi iliyofuata nikasema tumbo linaniuma.

Jumamosi nyingine nikapita karibu na dirisha la maabara, nikamwona Salome amekaa kwenye kiti changu! Editha amemshika mkono, anamwongoza kisu, wanacheka. Wanacheka nini? Nani kawaruhusu?

Tangu hapo sikuwa na raha. Salome akimsuka Editha nywele, naumia. Akimpa kipande cha muwa, naumia. Editha akipiga chafya, Salome akawahi kumwambia pole kabla yangu, naumia! Nikajiambia rafiki yangu kanunuliwa kwa pochi ya ngozi. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaenda kwa mwalimu kuomba kuhama meza, na mwenzangu mpya, alipoona ninavyochora, akashika kisu bila hata kuniuliza.

Siku moja Editha alinifuata bombani.

"Mwaju, Jumamosi njoo. Kisu ushike wewe."

"Mfundishe huyo wako wa mjini," nikamjibu.

Alinitazama, akabeba ndoo yake akaondoka. Nilifurahi! Mpumbavu mimi.

Siku ya mtihani wa vitendo kila mtu aliwekewa chura wake. Chini ya ngozi ya tumbo la chura kuna mshipa wa damu unaopita katikati kabisa, na mkasi unatakiwa upite pembeni yake. Nani asiyejua? Mimi niliyeuchora na kuuandika jina tangu kidato cha tano! Lakini mkasi sikuuzoea, nikapita katikati... Damu ikajaa kwenye trei. Nikamwagia maji, ikajaa tena. Nilitakiwa kuonyesha mfumo wa chakula, na hakuna kilichoonekana. Mbele yangu Salome alikuwa anachomeka pini zake za mwisho. Nilitoka pale nimechanganyikiwa, hata karatasi zilizofuata nilizijibu hovyo.

Baiolojia nikapata S, alama moja tu juu ya F. Udaktari ukaishia hapo. Editha na Salome wakachaguliwa chuo kimoja. Chuo kimoja, ndugu zangu!

Mwezi uliopita Editha alirudi likizo. Alikuja hadi kwenye meza yetu, akamwamkia shangazi shikamoo, kisha akaniomba tusogee pembeni. Nikamuuliza swali lililonikaba muda wote, kwa nini alimchagua Salome akaniacha mimi?

Hakukasirika.

"Sikumchagua, Mwaju. Kila Ijumaa jioni nilikuwa naingia kwenye matope ya mpunga kukamata vyura wawili. Wa pili alikuwa wako. Ulipokosa kuja, Salome alipita akaniomba chura huyo. Ningemnyima ili iweje?"

Mteja aliita, nikarudi kupima mchele huku machozi yananitoka.

Nitarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, Mungu akipenda. Wivu haujaniisha, sitawadanganya. Nikiona picha zao kwenye simu, wamevaa makoti meupe, roho bado inaniuma. Lakini nawasihi wadogo zangu mlioko shuleni, rafiki akikuita, nenda, hata kama umevimba kwa hasira! Watu husema ukisusa, wenzio wanakula. Mimi nilisusa... na aliyekula fungu langu alikuwa ameomba.