Kazi ya Cicily Uwanjani

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Kananu alikuwa akikata majani ya nepia nyuma ya nyumba yao huko Nkubu na kumwekea ng'ombe. Kisha alikunywa chai haraka haraka, akampitia rafiki yake Beverlyne, wakaenda shule wakipiga soga. Siku hizo soga zao zilimhusu mtu mmoja tu. Huyo alikuwa Cicily, dada yake Kananu, aliyesomea ualimu katika chuo kimoja mjini Meru na kuichezea timu ya chuo mpira wa kikapu.

"Hakuna anayefunga kama dada yangu," Kananu alizoea kusema. "Akipewa mpira, hesabu umeingia."

Ukweli ni kwamba Kananu hakuwa amewahi kumwona Cicily akicheza. Cicily mwenyewe hakuwa mtu wa maneno mengi. Akija likizo, alisema tu kwamba walishinda au walishindwa. Mengine yote Kananu alijazia mwenyewe.

Siku ya fainali ya vyuo ilipofika, Mama aliamua kwenda kumshangilia binti yake, akawachukua wasichana wote wawili. Wapinzani walitoka Embu. Kati yao alikuwepo Jedidah, msichana mrefu aliyekuwa amefunga kuliko wote msimu huo.

Filimbi ilipolia, Cicily alimganda Jedidah kama kupe. Wenzake walirusha mpira, wengine wakafunga. Cicily hakurusha hata mara moja.

"Mbona dada yako hafungi?" Beverlyne aliuliza.

Kananu alihisi masikio yakiwaka moto. "Ana... ana jeraha la mguu. Anajikaza tu."

Wakati wa mapumziko Cicily alikuja kumsalimu Mama huku jasho likimtiririka.

"Pole sana kwa mguu, dada," Beverlyne alimwambia kwa huruma.

"Mguu?" Cicily aliinama, akaitazama miguu yake yote miwili. "Mguu gani?"

Mama aligeuka, akamtazama Kananu. Kananu akatazama nyasi.

Cicily alielewa. Angeweza kumcheka mdogo wake, lakini alichuchumaa mbele yao. "Miguu yangu ni mizima," alisema. "Mimi si mfungaji. Kocha alinipa kazi ya kuzuia. Kipindi cha pili msiufuate mpira. Nitazameni mimi na yule mrefu."

Basi wakatazama. Jedidah alipogeukia kushoto, alimkuta Cicily amekwisha kufika. Alipoinua mikono arushe, mkono wa Cicily ulikuwa mbele ya macho yake. Mwishowe alikasirika, akaanza kutupa pasi ovyo. Beverlyne alisimama wima akipiga kelele, "Mkabe! Mkabe, dada!"

Ikabaki dakika ya mwisho, timu ya Cicily ikiongoza kwa pointi moja. Jedidah aliupata mpira, akachapuka kuelekea kikapuni. Cicily alitangulia mbele yake, akakita miguu chini, akasubiri. Jedidah alimgonga kwa kishindo, Cicily akaanguka chali, na mpira ukaingia kikapuni!

Mwamuzi akapuliza filimbi. Jedidah ndiye aliyekosea, kwa kumgonga mlinzi aliyekwisha kusimama. Kikapu hakikuhesabiwa.

Jedidah alimvuta Cicily mkono, akamwinua. "Leo umenichosha, mwenzangu," alisema, nao wakacheka.

Mchezo uliisha timu ya Cicily ikiwa bado mbele kwa pointi ile moja, kisha tuzo zikatolewa. Kila mwaka makocha wa vyuo vyote humchagua mchezaji mmoja aliyezuia vizuri kuliko wengine.

"Mlinzi Bora wa mwaka huu," mtangazaji alisema, "ni Cicily Kathuri!"

Mama alipiga vigelegele mpaka watu wakageuka. Lakini Kananu alimgeukia rafiki yake.

"Beverlyne, nilikudanganya," alisema. "Sikuwahi kumwona akicheza. Na ile habari ya mguu niliitunga."

"Ya mguu nilishajua," Beverlyne alijibu. "Lakini kwa nini udanganye? Mimi hata nimempenda zaidi hivi."

Cicily alipowafikia, Kananu alimwomba msamaha yeye pia. Cicily akampa kikombe alichotuzwa. "Nibebee hiki. Mikono inaniuma, na huo si uongo."

Walipokuwa wakitoka uwanjani, Mama alimshika Kananu bega. "Mwanangu, ulimtungia dada yako sifa za uongo, na za kweli zilikuwepo. Tena uongo wa kwanza ukakulazimisha kusema wa pili. Anayefanya kazi yake kwa bidii, hata ile isiyopigiwa makofi, hahitaji kutiliwa chumvi. Mseme jinsi alivyo, inatosha."

"Nimesikia, Mama."

Jumatatu wanafunzi wenzake walimzunguka Kananu. Walitaka kujua Cicily alifunga mara ngapi.

"Hakufunga hata mara moja," Kananu alisema huku akitabasamu. "Kaeni chini niwaeleze alivyocheza."