Tusi Lililovaa Utani

Kila Jumapili Vitalis alipumzika kukata mkonge. Aliosha miguu, akavaa shati jeupe, akakaa nje ya chumba chake kambini. Mkewe, Filomena, aliuza chai na maandazi hapo mlangoni. Wanaume walikuja kunywa chai na kubishana. Chama cha siasa kilikuwa kimefika Kilosa, na kila mtu alikuwa waziri mpaka kikombe chake kiishe.

Mwinshehe naye hakukosa. Alikuwa Msagara, mkulima wa Masanze, mwenye baiskeli na nyumba ya bati. Alilima mahindi na kuwauzia watu wa kambi. Vitalis alikuwa Mnyamwezi, manamba aliyeletwa kwa garimoshi kufanya kazi ya mkonge. Wawili hao walikuwa watani, kama babu zao walivyokuwa. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo, nawe ukacheka. Ukifiwa, mtani huchimba kaburi, kisha huwachekesha wafiwa ili wapate nguvu. Kwa hiyo walitukanana kwa furaha kila Jumapili.

Jumapili moja mambo yaliharibika.

"Meneja anakaa nyumba kubwa na mbwa wake," alisema Vitalis. "Sisi tunalala familia mbili chumba kimoja. Nani anakata mkonge? Ni yeye?"

"Sawa, mtani," alijibu Mwinshehe. "Lakini mimi naona mtu aanze kwa kuwa na shamba lake. Ardhi hii..."

Vitalis hakumwacha amalize.

"Unasema hivyo kwa sababu umeshiba! Wewe ni kupe! Unanenepea njaa yetu. Unangoja mzungu aondoke ukalie kiti chake!"

Watu walicheka. Mwinshehe pia alianza kucheka. Kisha akamtazama Vitalis usoni, akaona mwenzake hacheki.

"Mtani, hayo umeyasema kwa moyo?"

"Aa, utani tu," alisema Vitalis. Lakini mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama.

Mwinshehe aliweka kikombe chini. Alimshukuru Filomena kwa chai, akapanda baiskeli yake, akaenda.

"Baba Kasian, ule haukuwa utani," Filomena alimwambia mumewe.

"Alinichokoza."

"Kwa neno lipi? Hata hukulisikia lote."

Vitalis alijua mkewe amesema kweli. Angeweza kwenda Masanze kesho yake. Aliona haya, akajiambia atakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo nayo ikampita. Jumapili Mwinshehe hakuja tena.

Masika yalipoanza, mama yake Vitalis alifariki. Bibi huyo alikuwa amekuja kutoka Tabora kuishi na mwanawe. Mwinshehe aliposikia msiba, alikuja na jembe lake. Alichimba kaburi kwenye mvua mpaka likaisha. Watu walingoja aanze utani wake. Hakusema neno. Hakudai hata kuku, ingawa ni haki ya mtani. Alinawa mikono, akawapa pole wanawake, akaondoka.

Kambi nzima ilinong'ona. "Mtani amenyamaza! Huyu bibi amezikwa kama mtu asiye na watu." Vitalis aliyasikia maneno hayo, akatamani ardhi immeze. Mama yake hakuwa na kosa. Bado ilibaki siku ya kuondoa tanga. Kama mtani angenyamaza tena, aibu hiyo isingefutika.

Alikwenda kwa Bi Mwanvua, mama mtu mzima aliyewafundisha watu wa kambi kusoma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole tena na msiba."

Vitalis alimweleza yote. Kisha akauliza, "Sasa nisiseme habari za matajiri na maskini? Ninyamaze?"

"Nani kakwambia unyamaze? Swali lako ni la kweli. Lakini siku ile watu walikwenda nyumbani wakizungumza nini?"

Vitalis aliinamisha kichwa. "Walizungumza kupe."

"Basi. Vyumba vya kambi vilisahauliwa. Tusi lako liliua swali lako. Bishana na neno la mtu, usimtukane mwenye neno. Na kabla hujajibu, mrudishie alichosema, umuulize kama umeelewa sawasawa. Hasira ikipanda, kunywa chai yako kwanza."

"Na Mwinshehe je?"

"Ulimtukana mbele ya watu. Usimwombe radhi kichochoroni."

Vitalis aliwaomba wanaume waliocheka siku ile wamsindikize. Walitembea mpaka Masanze, na njia nzima hakuna aliyecheka. Walimkuta Mwinshehe akipalilia.

"Mtani," alisema Vitalis. "Nilikuita kupe mbele ya watu hawa. Lilikuwa tusi, nikalificha ndani ya utani. Nimekukosea. Nisamehe."

Mwinshehe aliegemea jembe lake. "Liliniuma sana," alisema.

"Siku ile ulianza kusema habari ya ardhi. Leo nitasikiliza."

Mwinshehe alinyoosha mkono kuelekea mtoni, ulikoanza mkonge. "Pale palikuwa shamba la baba yangu. Lilichukuliwa, likapandwa mkonge. Mimi sikitaki kiti cha mzungu. Nataka ardhi ya baba."

Vitalis alihisi uso unamwaka. Alikuwa amekata mkonge palepale miaka yote.

"Unasema ardhi irudi kwa wenyewe. Nimeelewa sawasawa?"

"Sawasawa."

"Mimi nasema mali ya mkonge wagawane wanaoukata. Ardhi ikirudi kwenu, sisi manamba tutakwenda wapi?"

"Hapo sijui, mtani. Keti tuzungumze."

Walizungumza mpaka jua likazama. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Lakini njiani kurudi, watu walizungumza ardhi na vyumba, na wakakubaliana kwenda pamoja kwa meneja kuomba vyumba zaidi.

Siku ya kuondoa tanga, wafiwa walikaa wakitazama njia. Mwinshehe alitokea. Alikuwa amejifunga kanga kichwani, amepinda mgongo, anatembelea fimbo kama marehemu. Alisimama mbele ya Vitalis, akapaza sauti ya kizee:

"Jamani, mwanangu huyu! Nilimfundisha kula, nikasahau kumfundisha kufunga mdomo!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Vitalis alicheka kuliko wote, na machozi ya aibu yakamtiririka.