Kirungu cha Trela: Kipakwe Grisi au Kisipakwe?

Nyumbani kwa Teleza hakuna mlango unaolia. Bawaba zote zina grisi. Gurudumu la toroli lina grisi. Siku moja alipaka hata koki ya jikoni, na familia nzima ikanywa chai yenye harufu ya gereji. Ndiyo maana mtaa ulimbandika jina hilo. Yeye hakukasirika.

"Chuma kikilia, mimi sipati usingizi," alisema.

Mkewe aliitwa Nahodha, na hilo halikuwa jina la bure. Tangu daraja lifungwe kwa matengenezo, yeye ndiye aliyeendesha boti yao ndogo na kuvusha watu bwawani: walimu, wagonjwa, akina mama wenye vikapu. Boti haikulala ufukweni, maana wezi wa injini hawana likizo. Kila jioni Teleza aliipandisha kwenye trela na kuivuta mpaka nyumbani kwa pikapu. Nchi kavu aliamuru mume. Majini aliamuru mke. Ndoa ikaenda vizuri.

Nyuma ya pikapu palikuwa na donge la chuma, la mviringo kama yai lililosimamishwa juu ya shingo. Wao waliliita kirungu. Mbele ya trela palikuwa na kikombe cha chuma, kilichofunika kirungu na kukishika barabara. Hapo tu ndipo gari na trela vilipoungana. Na hapo ndipo Teleza alipopenda kupaka grisi kila asubuhi, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa mgeni.

Kwa muda mrefu hapakuwa na tatizo. Kisha kikombe cha zamani kikalika kwa kutu. Teleza akapata kingine kwa mtu aliyekuwa akibomoa matrela ya watalii, yale yenye vitanda ndani. Kikombe kilikuwa kizito na kizuri. Kasoro yake ilikuwa moja: kwenye kona kililia kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Kitanyamaza tu," Teleza alisema, akachota grisi kwa vidole vitatu.

Kikanyamaza kweli. Lakini trela likaanza kuyumba. Mwanzoni kidogo. Kisha Jumamosi, kwenye mteremko wa shule, likatupa mkia kulia, likatupa kushoto, na pikapu ikayumba nalo. Muuza mikate aliyekuwa kwenye baiskeli alijitosa mtaroni. Mikate ikatapakaa majanini. Mwenyewe alitoka mzima, akitoa maneno ambayo hayaandikwi kitabuni.

Nahodha alishuka garini, akautazama mteremko wote. Ule mteremko, siku za shule, hujaa watoto.

"Jumatatu boti haitoki," alimwambia mumewe walipofika nyumbani.

"Mke wangu, watu watavukaje? Yule mama wa dawa za sukari atavukaje?"

"Sijui. Nataka kujua kwanza kwa nini trela linacheza ngoma."

"Grisi imepungua. Nitaongeza."

"Ulipoongeza ndipo lilipoanza!"

Kwa kweli hilo Teleza hakuwa amelifikiria.

Nahodha hakungoja. Alichutama nyuma ya pikapu, akakifungua kikombe, akachota grisi kidogo kwenye kirungu, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikakwaruza. Akainusa, akaisugua tena.

"Njoo uguse. Hii ni grisi au ni uji wa mchanga?"

"Mchanga wa ufukweni huo. Si kosa la grisi."

"Mchanga umeshikwa na nini, kama si grisi yako?"

Kicheko kikasikika ng'ambo ya ua. Alikuwa jirani yao, mwanamke aliyeendesha trekta na kuvuta trela la maji mashambani. Mtaa mzima ulimwita Mama Trekta. Alikuja akifuta mikono kwenye kanga.

"Shemeji, leo umeshikwa pabaya," alimwambia Teleza.

"Shemeji, wewe unavuta mizigo kila siku. Niambie ukweli mbele ya huyu. Kirungu hupakwa grisi, hakipakwi?"

"Hupakwa."

"Umesikia?" Teleza alimgeukia mkewe, kifua mbele.

"Na pia hakipakwi," Mama Trekta akamalizia.

Kifua kikarudi nyuma. "Sasa ndiyo nini hiyo? Unanichezea akili?"

"Inategemea kikombe. Kikombe chako cha zamani kiko wapi? Najua hujakitupa, wewe hutupi hata msumari uliopinda."

Kilikuwa nyuma ya banda la kuku. Nahodha alikileta, akakiweka chini mdomo ukiwa juu. Kisha akalala chali chini ya mdomo wa trela, akawasha tochi. Mama Trekta akamwambia, "Wewe ndiye unayetaka kujua. Tazama ndani ya vyote viwili, utuambie."

"Hiki cha zamani ni chuma kitupu," Nahodha alisema. "Hiki kipya kina vitu vyeusi. Kimoja mbele, kimoja nyuma. Kama... kama pedi za breki."

"Hapo hapo. Ndizo pedi zenyewe. Kazi yake ni kukibana kirungu, msuguano uwepo, trela lisiyumbeyumbe. Ukizipaka grisi, zitabana nini?"

Nahodha alitoka chini ya trela. "Ni kama kupaka grisi breki za gari."

"Nani anaweza kupaka breki grisi?" Teleza aliuliza kwa dharau.

Wanawake wakamtazama. Teleza akajikuna shingo na kuacha alama nyeusi.

"Lakini lilikuwa likilia," alisema kwa sauti ya chini.

"Pedi zikibana, huweza kulia kidogo. Usikimbilie kopo la grisi," Mama Trekta alisema. "Kwanza angalia kama kirungu kina rangi, kutu au uchafu, na kama pedi zimekwisha. Hayo ndiyo huleta kelele nyingi."

Nahodha bado hakuridhika. "Basi mbona cha zamani kilipenda grisi?"

"Kwa sababu ni chuma juu ya chuma. Vikisuguana vikavu, vinalana. Hapo unapaka utando mwembamba tu. Ila kila ukitaka kupaka mpya, futa kwanza ya zamani. Ninyi mnashusha boti mchangani. Grisi inashika mchanga, unapaka juu, inashika tena. Mwisho umetengeneza msasa. Tazama hiki."

Ndani ya kikombe cha zamani mlikuwa na mfereji uliochimbika. Teleza aliupitishia kidole taratibu, huku na huku.

"Nililaumu kutu," alisema. "Kumbe nilikuwa nakitafuna mwenyewe."

"Kutu nayo ilikusaidia, shemeji. Usijibebeshe lawama zote peke yako."

Walicheka, kisha wakaanza kazi. Teleza alifuta kirungu kwa matambara mpaka yakaisha. Akakiosha kwa dawa ya kusafishia breki, akakausha, akakisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Alitaka kuziosha pedi pia, lakini Mama Trekta alikataa: zilikuwa zimekwisha kunywa grisi, hazifai tena. Jumapili Teleza alizunguka maduka ya vipuri mpaka akapata nyingine za kikombe kilekile. Aliporudi, Nahodha ndiye aliyezifunga.

Mama Trekta alikuja kukagua kazi, na kabla ya kuondoka akapanda kwenye boti, akaona madumu ya mafuta yamepangwa nyuma, karibu na injini.

"Haya nayo yasogezeni mbele kidogo. Nyuma kukiwa kuzito sana, trela hutaka kuyumba hata pedi zikiwa mpya. Na mnyororo wa usalama msiusahau kila safari."

Jumatatu asubuhi walishuka mteremko wa shule polepole. Watoto walikuwa wamejaa pembezoni mwa barabara. Nahodha alitazama kioo cha pembeni bila kupepesa. Trela lilifuata pikapu kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Hakushusha pumzi mpaka walipoona maji. Mama wa dawa za sukari alikuwa wa kwanza kupanda botini.

Teleza alibaki ufukweni. Mvuvi mmoja alikuwa akihangaika na trela lake, ameinama juu ya kirungu.

"Kaka Teleza, wewe ndiye bingwa. Nipakie grisi kidogo."

Teleza alikuwa na kopo mkononi. Alilitazama, akaliweka chini. Akafungua kikombe cha trela la mvuvi, akapiga goti mchangani, akaingiza kichwa chini.

"Nini tena?" mvuvi aliuliza. "Wewe paka tu, nina haraka!"

"Tulia kwanza, ndugu yangu. Niletee tochi na tambara kavu. Nataka kuona humu ndani mna nini."