Uzi Mwekundu wa Kinubi Changu

Uzi ulikuwa umekatwa kwa koleo.

Haukukatika wenyewe. Uzi wa kinubi ukikatika wenyewe ncha zake huchanuka. Huu ulikuwa sawasawa, kama mtu amekata lebo kwenye nguo mpya.

Na kati ya nyuzi thelathini na nne, umekatwa ule mmoja tu... mwekundu wa katikati.

Nilikuwa nimetoka chooni, dakika tano hazijafika. Chumba cha kubadilishia nguo, nyuma ya ukumbi. Saa tisa na dakika ishirini alasiri. Onyesho saa kumi kamili.

Nikageuka nimwite mtu.

Mlango ukafungwa kwa nje. Nikasikia na ufunguo unachomolewa.

"Nani huyo?"

Nikatikisa kitasa.

"Wewe, fungua, nina onyesho!"

Hatua zikaondoka... taratibu, za mtu asiye na haraka.

Sasa msinichukie kwa hili nitakalosema. Watu wa kwanza niliowafikiria ni nyinyi. Mashabiki wangu.

Nieleze, maana wengine mmejiunga juzi.

Kinubi changu cha kwanza alinipa mjomba, fundi wa makochi. Alikiokota kwenye takataka za shule iliyofungwa, akakisafisha, akakitia nyuzi. Sehemu moja tu mbao ilikuwa na ufa.

"Hapa usiweke uzi," akaniambia. "Ukiukaza tu, kitu chote kinapasuka."

Hapo ndipo mahali pa ule mwekundu. Kwa wasiojua, nyuzi za kinubi zinafanana karibu zote, ila za do ni nyekundu na za fa ni nyeusi, ili mchezaji ajue vidole viko wapi. Mimi nilijifunza bila mwekundu wa katikati. Wimbo ukifika pale, nilikuwa nagonga mbao kwa kifundo cha kidole.

Ngo.

Wimbo wa kwanza niliopakia mtandaoni ulikuwa na ngo kumi na moja. Mkaupenda kufa. Mkajiita Familia ya Ngo. Kwenye maonyesho mkawa mnagonga viti pamoja nami, ukumbi mzima, ngo! Mara ya kwanza nililia jukwaani, na yalikuwa machozi ya furaha.

Nyuma yangu alisimama dada yangu, akiimba sauti ya pili. Dada ndiye pia aliyeshika ukurasa wangu na simu yangu. Mimi na simu hatuelewani tangu zamani, kwa hiyo meseji zenu alinisomea yeye, asubuhi, mimi nakunywa chai.

Halafu nikapata kinubi cha pili, kizima. Nikaanza masomo kwa mwalimu mstaafu, bibi mkali ambaye hakuwahi kunisifia zaidi ya kusema "afadhali leo." Mwaka mzima vidole vyangu vilikuwa vinaruka pale katikati kwa mazoea, na kila vikiruka alinipiga rula ya begani.

Vikaacha kuruka. Nikaandika nyimbo tisa mpya. Niamini, sijawahi kuandika vizuri vile.

"Wanasemaje?" nikamwuliza Dada baada ya kutangaza.

"Wanasema bila ngo usijisumbue kuja."

"Wote?"

"Wote."

Basi miaka miwili, kabla ya kila onyesho, nilikaa chini nikafungua uzi mzima usio na kosa, nikauweka kwenye mkoba, nikaenda jukwaani kugonga mbao. Hebu fikiria una meno yako yote, halafu unang'oa moja kila ukienda kazini.

Nilikuwa nimefungwa, jamani. Watu wananishangilia na mimi nahesabu ngo zilizobaki. Nyimbo tisa zinanizeekea ndani ya daftari.

Jumatatu ya wiki ile nikasema imetosha.

"Jumamosi uzi unabaki," nikamwambia Dada. "Nafungua na wimbo mpya."

"Sawa," akasema.

Dada yangu akisema sawa bila kubishana, mwenye akili anakimbia. Mimi nikaendelea na chai.

Sasa turudi chumbani. Dirisha lina nondo. Simu anayo Dada. Nikapekua mkoba kutafuta nyuzi za akiba... pakiti haipo. Nikakaa sakafuni karibu na kinubi.

Mlango ukabishwa hodi.

"Mwanangu, uko humo?"

Sauti naijua. Shangazi Cherehani, mshona nguo, mwenyekiti wa Familia ya Ngo. Hajakosa onyesho hata moja.

Nikamvaa.

"Mmeridhika sasa? Mmekata uzi wangu, mkanifungia, ili nitoke niwagongee mbao mpaka nife?"

"Uzi gani tena?"

"Mwekundu, Shangazi. Usijifanye."

Akasema polepole, "Mama, sisi huo uzi ndio tumekuletea."

Chini ya mlango ikapita bahasha ya kaki. Nikaifungua. Ndani mna uzi mwekundu umeviringwa, mpya, saizi yenyewe kabisa.

"Kila mwaka tunatuma," akasema. "Huu ni wa nne. Dada yako anajibu kwamba zimefika, ila wewe hutaki. Nikasema safari hii nakuletea mwenyewe, unikatalie usoni."

"Lakini si mnagonga? Mnataka ngo!"

"Ulisema redioni, mwaka ule wa kwanza, kwamba sehemu ile isiyo na uzi inakutia aibu. Tukasema mtoto wa watu asiaibike peke yake. Tugonge naye mpaka apate uzi." Akavuta pumzi. "Mikono inaniuma, mwanangu. Tunasubiri upate huo uzi tupumzike."

Nilicheka au nililia, sijui. Miaka yote hiyo mimi nagonga kwa ajili yao, wao wanagonga kwa ajili yangu.

"Shangazi, nitafutie ufunguo."

"Mtunza ukumbi anasema alimpa dada yako."

Hapo sikuwa na haja ya kuambiwa zaidi.

Nikapiga fundo, nikapitisha uzi kwenye tundu, nikauzungusha kwenye kigingi cha juu. Uzi mpya ni mwongo, lazima mjue. Unaukaza unafika sauti yake, unahesabu kumi, umeshalegea. Nikakaza tena. Ukalegea. Nikakaza.

Katikati ya kukaza nikasikia ufunguo.

Dada akasimama mlangoni na gauni lake la onyesho. Shangazi nyuma yake, mikono kiunoni.

"Nimesikia sauti yake kutoka jukwaani," Dada akasema, akiutazama uzi.

"Kwa nini, Dada?"

"Ukitoka na uzi huo, mimi nasimama wapi?"

"Simama unapotaka."

Ndiyo nilivyomjibu. Nikabeba kinubi nikampita.

Wimbo mpya niliuanza saa kumi na dakika kumi na mbili. Nilisimama mara tatu kukaza uzi, katikati ya wimbo, nikiwaomba radhi. Mlinisubiri. Hakuna aliyegonga. Nilipofika mwisho, Shangazi Cherehani alikuwa amekaa, viganja vimelala mapajani, analia bila kujificha.

Kama habari ingeishia pale ningewaambia somo ni kujihadhari na ndugu. Kesho yake nilichukua simu yangu, nikamwambia Dada asikanyage tena kwenye maonyesho yangu. Akakusanya vitu vyake akaondoka.

Halafu nikakaa kusoma meseji zenu, mwenyewe, tangu mwaka wa kwanza. Siku nne nilisoma.

Wapo waliotaka ngo, nisidanganye. Wachache. Walioomba nyimbo mpya walikuwa wengi hata nikaona haya.

Lakini kulikuwa na meseji za aina nyingine. Moja, mbili... nikaanza kuzihesabu, nikafika themanini na saba nikaacha.

"Yule anayeimba nyuma ni nani? Sauti yake inanitoa machozi."

"Mwambieni wa nyuma naye apewe ubeti."

"Dada wa sauti ya pili ana nyimbo zake? Tunazipata wapi?"

Na chini ya kila moja, Dada amejibu, maneno yale yale:

"Huyo ni msaidizi tu. Asante kwa upendo wenu."

Nikachukua daftari langu la nyimbo tisa. Nikapekua ukurasa kwa ukurasa. Hakuna wimbo hata mmoja niliouandikia sauti ya pili.

Nikamfuata kwake. Alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Nikamwonyesha simu.

"Hizi mbona hukunisomea?"

Hakuangalia hata kioo.

"Nilikusomea ya kwanza. Ile ya apewe ubeti."

"Lini?"

"Mwaka wa kwanza. Unakunywa chai."

"Nikasemaje?"

Akakunja shuka, pembe kwa pembe, akaiweka kwenye beseni.

"Ulicheka."

Wapendwa, sikumbuki. Nimejaribu kukumbuka mpaka kichwa kimeuma. Lakini najijua ninavyocheka asubuhi, na najua sikuuliza alimaanisha nini.

Alichofanya ni kibaya na nimemwambia hivyo. Kuniongopea miaka miwili, kukata uzi, kunifungia mlango... sijamsamehe yote. Yeye naye hajanisamehe, na ana haki.

Somo langu ni hili, lichukue anayelihitaji. Nililalamika miaka miwili kwamba nimefungwa, na muda wote huo kuna mtu nilimsimamisha nyuma yangu bila kumwuliza kama anapataka pale. Ukiwa na mtu wa namna hiyo nyumbani au kazini, mwulize leo. Na akikujibu, weka kikombe chini umsikilize.

Juzi nilimpelekea Dada daftari tupu na kalamu. Nikamwambia aandike zake, mimi nitapiga kinubi nyuma.

Alilipokea. Bado hajasema kitu.