Cheti Kimoja, Simu Mbili

Msimu wa mavuno, mashine ya kukoboa mpunga iliyo karibu na stendi ya Kyela ni vita. Vumbi la pumba, kelele, kina mama wamekalia magunia yao ili wasipokonywe zamu. Siku hiyo Angetile, fundi wa mitandao, alikuwa juu ya ngazi akifunga waya ukutani. Akaona umeme unamtisha, akateremka, akashusha swichi kuu bila kumuuliza mtu. Mashine ikanyamaza.

"Nani kazima?"

Aliyeuliza alikuwa msichana mwenye gauni la kitenge cha kijani, mikono kiunoni, pumba zimemkaa kwenye nyusi kama poda.

"Mimi," alisema Angetile. "Dakika moja tu, dada."

"Mpunga wangu uko tumboni mwa mashine. Nusu mchele, nusu mpunga. Sasa nitamuuzia nani, kuku?"

Watu walicheka. Angetile hakuomba radhi, maana hakulelewa kuomba radhi, ila alirudisha umeme na baadaye akambebea gunia lake hadi barabarani. Njiani akajua kwamba anaitwa Tusajigwe, kwao Ndandalo, na kwamba hupeleka mchele Karonga, upande wa Malawi, akirudi na vitenge. Akaomba namba ya simu. Alipewa, na onyo juu: akizima tena kitu chochote bila kuuliza, asipige.

Alipiga jioni ileile. Wakawa wanaongea kila jioni, yeye akimtania kuhusu kuku, Tusa akimwita "mzima umeme wangu". Baada ya miezi kadhaa washenga walikwenda Ndandalo wakapokelewa vizuri. Wakabaki ng'ombe wa mahari tu.

Tangu washenga waende, Tusa alishika mila. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana hatazamani na baba mkwe, hasemi naye, wala hatamki jina lake. Vijana wengi siku hizi hawaijali. Tusa alilelewa na bibi yake, na aliijali. Siku moja alimwona baba yake Angetile, Mzee Ezekiel, anakuja kwa mbali kwenye barabara ya Ipyana. Akateremka shambani, akasimama ndani ya tope la mpunga mpaka magotini, na viatu vyake vipya, akageuza mgongo mpaka mzee akapita. Angetile alicheka hadi machozi. Tusa hakucheka.

Kosa likaanzia kazini.

Kampuni iliyomwajiri Angetile ilinunua kokoa, na ilikuwa na vituo Ipyana na Njisi. Simu za vituo zilipita kwenye intaneti hadi kwenye seva moja iliyowekwa stoo ya makao makuu, mjini Kyela, ikipulizwa na feni. Bei za kokoa zilikuwa zinavuja. Meneja, Bi Stella, akamwita Angetile akamwambia neno moja: "Zifunge."

Kuzifunga kulikuwa na mambo mawili. Kwanza, maneno yageuzwe fumbo njiani, anayedukua asiambulie kitu. Pili, kila simu iwe na cheti chake, kitambulisho cha kimtandao ambacho seva hukikagua kabla ya kuruhusu neno lolote lipite. Fumbo peke yake halisaidii kama hujui uliyefumbiana naye ni nani. Kwanza salamu, kisha vyeti, ndipo maongezi. Angetile aliyajua hayo vizuri kuliko alivyoyafuata.

Njisi ilikubali mara moja. Ipyana ikagoma. Mara jina la kwenye cheti halilingani, mara tarehe imekosewa, mara umeme umekatika kazi ikiwa katikati. Alipanda mnara wa mtandao wa kituo, akashuka, akapanda tena, jua likimchoma kisogo, na Bi Stella akipiga kila mara kuuliza, "Ipyana vipi?" Mwishowe hasira zikamshinda akili. Alichukua cheti cha simu ya mezani kwake, pamoja na akaunti yake, akavinakili kwenye simu ya Ipyana. Seva ikakubali. Kwa seva, simu zile mbili zikawa mtu mmoja.

Akaijaribu kwa kumpigia Tusa.

"Unanisikia, mama?"

"Nakusikia kama uko ndani ya pipa, baba. Usiniache na baridi ya kulala peke yangu huku Karonga, unioe upesi."

Kila kitu sawa. Alipokuwa akishuka mnara kwa mara ya mwisho, simu yake ya mkononi ikachomoka mfukoni ikazama kwenye jaruba. Hakusikitika sana. Namba ya mezani kwake Tusa alikuwa nayo, na ile haikudai vocha.

Tangu siku iliyofuata Tusa hakupokea simu.

Iliita mpaka ikachoka. Aliipiga asubuhi, akaipiga mchana. Akaanza kuilaumu seva. Alikagua muunganisho mmoja baada ya mwingine: maneno yamefungwa, vyeti ni halali, tarehe zake hazijapita. Alizima akawasha. Akabadilisha waya mzima usio na kosa. Seva ikamjibu kila mara kwamba hali ni salama, na hilo ndilo lililomtia wazimu. Afadhali ingesema kuna ubovu, akautengeneza. Kila kitu ni kizima, na mwanamke hapokei.

Akaazima simu ya dereva wa bodaboda. Ilipokelewa. Lakini aliyepokea hakusema kitu. Angetile naye hakusema kitu, alitega sikio amsikie mwanaume aliye karibu. Alisikia lori, akasikia sauti nzito ya mtu anayenadi nyanya, na pumzi ya Tusa, anayoijua. Wakakaa hivyo, kila mmoja akimsubiri mwenzake, mpaka laini ikakatwa.

Basi ameshapata mwingine, alijisemea. Wivu hauombi cheti.

Ng'ombe walikuwa waende Ndandalo Jumamosi. Mjomba wake mkubwa akamwuliza kama binti bado anataka, kwa sababu amesikia minong'ono. Angetile alibabaika. Mjomba akasema ng'ombe hawaswagwi kwenda kukataliwa. Lisipokuja neno la binti mpaka Ijumaa, watabaki zizini, na washenga hawatarudi tena mlango ule. Kumfuata Karonga hakuweza, Bi Stella alimbana kwa kazi. Tena, tuseme ukweli, aliogopa kwenda kuona.

Alhamisi, Bi Stella akamfokea kwamba Ipyana hawapokei simu. Akaenda na chuki yake yote. Mzee Ezekiel ndiye aliyekuwa mlinzi wa kituo kile. Angetile alimkuta amekaa kibarazani na koti lake la kazi, vifungo vyote vimefungwa. Ndani, simu ilikuwa imefunikwa kwa gunia la kokoa, na juu ya gunia pamewekwa tofali.

"Baba, nani kafunika simu?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Haina adabu."

Angetile alivuta pumzi. Alisema mambo mengi kuhusu mali ya kampuni, na jinsi anavyoshinda mnarani kwa ajili ya kidude hicho. Mzee alisubiri amalize, kisha akasema akiangalia migomba.

"Lori lilikwama, nikawataka watu wa ofisini. Nikabonyeza kile kitufe cha kurudia. Nilijua wa mwisho kupiga ni wewe, na kazini hupigiwa watu wa kazini. Ikapokelewa." Akashika kifungo cha koti. "Nikaitwa jina ambalo mama yako, tangu nimuoe, hajawahi kuniita."

"Nani alipokea, baba?"

"Unataka nimtaje?"

Angetile akakaa chini kwenye sakafu.

Sasa aliona yote. Tusa alikuwa ameona kwenye simu yake namba ya Angetile, ileile. Akafungua mdomo kwa mahaba, na sauti iliyomjibu ilikuwa ya mtu ambaye aliwahi kumkimbia akaingia topeni. Tangu hapo angeiaminije namba ile? Angemweleza nani, na kwa maneno gani, bila kumtaja asiyetajwa? Na mzee naye angemwambiaje mwanawe? Wote wawili walikuwa wamekaa na aibu ile kama kaa la moto mkononi, na aliyewapa kaa ni yeye.

"Ulisema nini, baba?"

"Nilisema 'haloo'. Ningesema nini kingine?"

Angetile alilitoa tofali. Aliifuta akaunti yake kwenye simu ile, akaitengenezea Ipyana cheti chake chenyewe, chenye jina lake lenyewe. Ikagoma mara ya kwanza, ikagoma ya pili. Hakutukana. Alisoma jina herufi kwa herufi mpaka likalingana. Kisha akaifungia isiweze kupiga nje ya kampuni kabisa.

Ijumaa asubuhi alisimama mbele ya meza ya Bi Stella, akaomba simu yake ya mkononi. Bi Stella aliuliza kama ni ya kazi. Akajibu kwamba hapana. Labda ni kwa sababu hakudanganya, akapewa.

Ilipokelewa. Kimya. Lori, nyanya, pumzi.

Safari hii hakusubiri. Anayepiga ndiye husalimu kwanza.

"Ni mimi niliyezima umeme, mpunga wako ukiwa tumboni mwa mashine. Nusu mchele, nusu mpunga."

Kisha sauti ndogo ikasema, "Na hujawahi kuniomba radhi."

"Nisamehe, Tusa. Kwa ule umeme, na kwa ile simu. Cheti changu nilikiweka mahali pasipo pake, kwa uvivu na hasira. Nimekitoa."

"Nilitaka ardhi inimeze, Ange. Nimemwambia mambo ya baridi."

"Najua."

"Amesema nini?"

"Amefunika simu kwa gunia, akaweka na tofali."

Alimsikia akicheka, kisha akilia, kisha akimfukuza mteja aliyeuliza bei.

"Waliniambia huna neno tena," Angetile alisema. "Wajomba wanasubiri neno lako."

"Waambie waswage ng'ombe. Leo navuka mpaka, narudi nyumbani. Na wewe ukinipigia, sema kwanza mimi nisikie. Sifungui tena mdomo kwa namba."

Bi Stella alinyoosha mkono kudai simu yake, akauliza kama sasa fundi amepata nafasi ya kushughulikia Ipyana.

Simu ya mezani kwa Angetile ilikuwa inaita. Kwenye kioo chake kulikuwa na jina: Ipyana. Alipoinua, hakuwahi kusema haloo.

"Ni mimi Ezekiel, baba yako, mlinzi wa Ipyana," sauti ilisema, polepole na kwa mkazo. "Nasema kabla hujasema."

"Nimekusikia, baba."

Mzee alikohoa. Alisema mvua haijanyesha, na kwamba lori lilishanasuliwa. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mbali, kama yule amepokea.

"Amepokea, baba. Kesho tunaswaga."

Halafu, kwa upole ambao Angetile hakuuzoea, mzee akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga. Ndaga fijo," akakata simu.