Taa Thelathini na Moja

Kila mchezaji aliporuka, uwanja uliwaka. Sakafu ya mpira wa wavu katika mji wa Rungwe Mpya ilishika nguvu ya miguu, ikaigeuza umeme, ikaupeleka kwenye taa zilizozunguka paa, na ziada kwenye nyumba za mji. Waliiita sakafu-vunaji. Juu yake ulining'inia ubao mkubwa: NYUMBA 4,000 ZINAWAKA KWA MIGUU YA MABINTI ZETU. Chini ya maneno hayo palikuwa na nembo ya Shirika la Taifa la Mvuke, lililofua umeme kwa joto la ardhini na kuimiliki timu.

Aliyebuni sakafu hiyo, mhandisi Subilaga Mwasyoge, ndiye pia aliyekuwa nahodha. Katika timu ya Mvuke hakuna aliyevaa jezi bila kwanza kuvaa ovaroli. Hata siku ya fainali, kila mchezaji alifanya zamu yake ya asubuhi visimani. Wageni waliwacheka kwa desturi hiyo, wao walijivunia.

Asubuhi ya fainali, Subilaga alikuwa kisima namba tisa. Baridi ya mwezi wa saba ilikuwa imeshuka na ukungu. Aligusa bomba linalopeleka joto kwenye nyumba za kijiji cha Ilundo, akashtuka. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Akapiga simu kijijini. Akapokea Mama Tumpe, mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo mama. Bomba lenu limepoa tangu lini?"

"Marahaba, mwanangu. Si leo siku ya mechi? Siku za mechi hupoa."

"Hupoa? Kila mechi?"

"Mwaka wa tatu huu. Tunajifunga mablanketi, watoto tunawalaza katikati, tunawashangilia. Juzi kwenye nusu fainali yule mjukuu wa Anyosisye alilazwa kwa nimonia, lakini anaendelea vizuri. Tulisema ndio mchango wetu kwa timu. Tulidhani mnajua."

Subilaga alikaa juu ya bomba. Kisha akamwita Mratibu, akili bandia iliyogawa mvuke wa visima vyote.

"Mratibu, mvuke wa Ilundo uko wapi?"

"Unafua umeme unaoingia kwenye waya wa sakafu, mhandisi," sauti ilijibu kwa upole uleule wa kila siku. "Uliniagiza mwenyewe: siku ya mechi ubao usishuke chini ya nyumba elfu nne. Miguu peke yake haifiki."

"Inafika ngapi?"

"Katika mechi nzuri, balbu thelathini hivi."

Alikumbuka siku ya uzinduzi. Ubao ulipopanda hadi elfu nne alilia kwa furaha, wala hakurudi kupima. Nani angepima furaha ya nchi nzima?

Aliteremka mjini, na mchana akampata Mkurugenzi Kabuje mlangoni mwa uwanja, akamweleza yote.

"Subi, binti yangu," Mkurugenzi alisema taratibu, "taa zote humu zimefungwa kwenye waya huo huo. Zikizimika robo saa, kwa kanuni tumepoteza kombe. Na ubao ndio unaofanya Bunge litupitishie bajeti ya timu kila mwaka. Subiri jioni. Ni muda wa saa tatu tu."

"Mzee, saa tatu ni nyingi kwa mtoto mwenye baridi."

"Na timu ikivunjwa?"

"Nitabaki na ovaroli."

Mkurugenzi hakumzuia.

Seti ya kwanza ilikuwa haijaanza. Mwanahamisi, nahodha wa Shirika la Maporomoko, wapinzani wao waliofua umeme kwa maji, alimsogelea wavuni akicheka. "Watu wa mvuke, leo mnapikwa!"

"Watu wa maji, angalieni msikauke," Subilaga alijibu, kisha akainua uso. "Mratibu, nafuta agizo langu. Rudisha joto Ilundo."

Ubao ulianguka: NYUMBA 0. Taa zikazimika, na chini ya paa lililofungwa pakawa kiza. Watazamaji elfu kumi wakaguna. Subilaga alichukua kipaza sauti cha betri cha mwamuzi, akawaambia ukweli wote, pamoja na jina la aliyetoa agizo.

"Dakika kumi na tatu zimebaki," mwamuzi alisema.

"Paa hili halifunguki kwa mkono?" Mwanahamisi aliuliza.

Lilikuwa na mikono sita ya chuma, ya dharura, kila mmoja ukihitaji watu wawili. Mvuke walikuwa sita. Walijipanga mmoja mmoja, wakasukuma, paa halikutikisika. Ndipo mabinti wa Maporomoko wakavua makoti yao na kushika nafasi za pili.

"Msituzoee," Mwanahamisi alihema. "Tunataka kuwafunga tukiwaona."

Paa likafunguka dakika mbili kabla ya muda. Mwanga wa mchana ukaingia na manyunyu yake. Wakacheza wakiteleza, wakiinuka, seti tano kamili. Sakafu ilivuna kilichokuwepo, na ubao, ambao Subilaga aliuelekeza uhesabu balbu, ulipanda polepole: tano, kumi na mbili, ishirini. Kila balbu moja ilipowaka, uwanja ulipiga kelele nyingi kuliko ulivyowahi kuzipigia nyumba elfu nne.

Mvuke walifungwa seti tatu kwa mbili. Ubao ulisimama kwenye thelathini na moja.

Simu ya Subilaga ilikuwa na ujumbe wa Mama Tumpe: "Bomba lina joto. Tumeyakunja mablanketi. Mmecheza vizuri."

Mkurugenzi alisimama nyuma yake, manyunyu yakimlowesha suti. Aliusoma ujumbe ule mara mbili.

"Kesho nitakwenda Bungeni na namba halisi," alisema. "Utanisindikiza?"

"Nikimaliza zamu, mzee."

Msimu uliofuata, mahali pa nembo kifuani mwa jezi za Mvuke palishonwa namba moja tu, 31, kwa wachezaji wote. Wageni walipouliza maana yake, watoto wa Ilundo ndio waliokuwa wa kwanza kujibu.